Kuchemsha, Kulehemu na Kunyoosha: Lugha na Historia ya Ufufuaji wa Magari Makuukuu Mjini Tanga

Historia ya motokaa katika pwani ya kaskazini ya Tanzania huandikwa zaidi kwa kuwafuata waliozileta: watawala wa Kijerumani na wa Kiingereza, wenye mashamba ya mkonge, wamisionari na wafanyabiashara wa Kihindi. Historia ya waliozitengeneza imeandikwa kidogo. Mafundi hawakuacha shajara wala ripoti, waliacha maneno. Mtu anayefufua gari kuukuu uani mwa nyumba huko Ngamiani, Chumbageni au Usagara (kata ya mjini Tanga, isichanganywe na Usagara ya milima ya Kilosa) hufanya kazi kwa msamiati wenye matabaka kama ya ardhi iliyokatwa: Kiarabu cha majahazi, Kireno cha misumari, Kiajemi na Kihindi vya karakana, Kiingereza cha vipuri, na chini ya hayo yote vitenzi vya Kibantu vinavyobeba kazi yenyewe.

Wapo wanaoudharau msamiati huo na kuuita Kiingereza kilichopinda. Hoja hiyo husimama iwapo yatatazamwa majina tu. Rejeta, boneti, madigadi, bampa, gia, klachi, plagi, kabureta, na shokapu ambayo wengine huiita shokomzoba, yote hayo yaliingia pamoja na vyombo vyenyewe. Lakini ufundi haukai katika majina ya vipuri. Unakaa katika yale yanayotendwa juu yake, na hapo orodha hubadilika kabisa: kufungua, kukaza, kulegeza, kuziba, kuzibua, kunyoosha, kuchomelea, kulehemu, kupooza. Mkopo wa kitenzi, kama kunoki kwa injini inayogonga, ni wa nadra. Kwa maneno mengine, pwani ilipokea kitu kigeni ikakitia mikononi mwa watu waliokwisha kuwa na maarifa ya chuma, mbao na moto.

Neno gari lenyewe ni ushahidi. Lilitoka Kihindi, likatumika kwa mkokoteni, kisha kwa treni lililoitwa gari la moshi, kabla ya kuhamia kwenye chombo chenye injini ya petroli. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 chombo hicho kiliitwa zaidi motokaa. Wengine walikiita kwa sauti yake. Paul Graetz, mwanajeshi wa Kijerumani aliyeondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907 na kufika Swakopmund tarehe 1 Mei 1909, safari ya kwanza ya motokaa kukatiza Afrika kutoka pwani hadi pwani, alibandikwa jina la Bwana Tuka-tuka. Njia hiyohiyo ya kutunga jina ndiyo iliyotupa pikipiki, na katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, tukutuku.

Ingetarajiwa kwamba Tanga, kati ya miji yote, ingebaki na maneno ya Kijerumani katika ufundi huu. Reli ya Usambara ilianza kujengwa hapo mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Shule ya serikali ya Tanga ilifundisha kazi za mikono pamoja na kusoma na kuandika, na ndiyo iliyochapa gazeti la Kiongozi. Hata hivyo, Kijerumani kilituachia shule na hela, si rejeta. Maelezo yake ni ya tarehe tu. Waingereza waliutwaa mji mwaka 1916, na motokaa zilianza kuwa nyingi baada ya vita hivyo, zikiletwa na wenye lugha nyingine.

Lakini kabla ya Mjerumani na Mwingereza kulikuwa na jahazi. Usukani, kabla ya kuwa gurudumu mbele ya kifua cha dereva, ulikuwa ubao nyuma ya chombo, na neno ni la Kiarabu. Taruma ni ubavu wa jahazi. Mafundi wa reli walipohitaji jina la vipande vinavyolala chini ya vyuma waliyaita mataruma. Parafujo ni ya Kireno. Karakana ni ya Kiajemi, na ilipita India kabla ya kufika huku. Msasa ni mti wenye majani yanayokwaruza, ambayo seremala aliyatumia kulainisha mbao. Karatasi ya kiwandani ilipofika ilirithi jina la jani, na leo fundi wa rangi huagiza msasa mkavu na msasa wa maji bila kufikiri kwamba anataja mti. Si maneno yote yaliyovuka, hata hivyo. Mkuku wa jahazi, mhimili unaobeba chombo chote, ungefaa sana kwa chesisi. Haukuchukuliwa. Nahodha naye alibaki baharini, akamwachia dereva barabara.

Urithi huo wa maneno unakuwa urithi wa kazi pale gari linapofunguliwa. Katika kufufua gari la miaka ya 1950 au 1960 mjini Tanga, iwe Land Rover ya shamba la mkonge, Peugeot 404 au Morris Minor, mambo mawili hutangulia mengine: kupooza kwa injini na hali ya bodi. Lote mawili ni adhabu ya mahali.

Jambo la kupooza laeleweka vyema kwa kuitazama barabara ya Mombo hadi Lushoto. Ina urefu wa takriban kilomita 33, na hupanda kutoka bondeni, mita mia nne na kidogo juu ya usawa wa bahari, hadi karibu mita 1,400. Injini hufanya kazi nzito katika gia ya chini. Gari hwenda polepole, kwa hiyo upepo unaopita katika rejeta ni ule wa feni peke yake. Na kadiri gari linavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi: pwani huchemka kwa nyuzi 100, Lushoto kwa nyuzi 95 hivi. Dawa ya wahandisi ni kifuniko cha rejeta chenye springi. Kifuniko kinachozuia shinikizo la nusu angahewa hupandisha kiwango cha kuchemka pwani hadi karibu nyuzi 111. Mpira wake ukichakaa, au springi ikilegea, faida yote hiyo hupotea, na dereva hulaumu rejeta isiyo na kosa. Kifuniko ndicho kitu cha kwanza kinachopaswa kukaguliwa, na kwa kuwa ni kidogo na bei yake ni ndogo, mara nyingi hukaguliwa mwisho.

Watu wa pwani husema gari limechemsha. Wanasarufi wangepaswa kusimama hapo. Kuchemka ni kwa maji. Kuchemsha ni kitenzi cha kusababisha, na kwa kawaida hudai yambwa: mtu huchemsha maji, maziwa, mayai. Katika gereji yambwa imeanguka, na gari limepewa nafasi ya mtenda aliyejitia mwenyewe matatani. Katika Kiswahili cha vijana wa Tanzania usemi uohuo hutumika kwa binadamu: aliyeshindwa mtihani, au aliyeahidi asitimize, amechemsha. Hakuna haja ya kudai kwamba maana ya pili ilizaliwa na ya kwanza. Yatosha kuonyesha kwamba zote mbili zimeangusha yambwa, na kwamba msikilizaji yeyote aliyewahi kusimama pale Soni akitazama mvuke ukitoka chini ya boneti huielewa ya pili pasipo maelezo.

Rejeta ya gari la zamani imeundwa kwa shaba: mirija myembamba, mapezi yaliyobana katikati yake, na matangi mawili, la juu na la chini, ya shaba nyeupe. Viungo vyote vimeunganishwa kwa lehemu, yaani mchanganyiko wa risasi na bati. Uzuri wa mchanganyiko huo ni kwamba huyeyuka mapema. Ule wenye sehemu 63 za bati kwa 37 za risasi huyeyuka kwa nyuzi 183, ilhali shaba nyeupe huvumilia hadi karibu nyuzi 900. Fundi, basi, ana nafasi kubwa ya kufanyia kazi: anaweza kuyeyusha kiungo bila kuumiza ukuta. Huanza kwa kuitoa rejeta, kuziba midomo yake, kuijaza upepo na kuizamisha katika pipa la maji. Panapotoka mapovu ndipo penye tundu. Kisha husugua mahali hapo hadi shaba ing'ae, akapaka dawa ya kulehemu, akapitisha chuma cha moto. Tangi la juu likifumuliwa, mirija yote huonekana kama mdomo wa sega la nyuki, na sasa waweza kupitishwa ufito mwembamba wa bati katika kila mmoja ili kuondoa ukoko.

Ukoko huo una asili yake. Maji ya visima vingi vya pwani yamepita katika mawe ya chokaa. Tanga ni nchi ya chokaa, ndiyo maana ina mapango ya Amboni na kiwanda cha saruji Pongwe. Maji hayo yakipata joto huacha chokaa ukutani, sawa na inavyoonekana ndani ya birika la chai. Mirija hupungua upana, joto halitoki, gari huchemsha, dereva huongeza maji yaleyale ya kisima. Wazee waliokinga maji ya mvua kwa ajili ya rejeta na betri walikuwa sahihi kwa sababu ambazo kitabu chochote cha kemia kingezithibitisha.

Hawakuwa sahihi katika kila jambo. Desturi ya kuing'oa themostati na kuitupa, iliyoenea Afrika Mashariki nzima, ina utetezi wake: themostati iliyokwama ikiwa imefungwa huua injini, na nchi ni ya joto, ya nini kuchelewesha maji? Lakini injini inayofanya kazi ikiwa baridi hula mafuta mengi na kusaga silinda zake. Tena, katika baadhi ya injini themostati ikifunguka huziba njia ya mkato ya maji. Ikiondolewa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita katika rejeta kabisa, na gari lililokuwa likichemsha kidogo sasa huchemsha sana. Hapa ufundi wa kurithishana kwa kuonyeshana ulikosa kitu kimoja, nacho ni maelezo ya kwa nini. Volkswagen ya mgongo wa duara, iliyoshinda mbio za kwanza za Safari mwaka 1953, haina rejeta. Hupozwa kwa upepo. Wenye nayo hujisifu kwamba gari lao halichemshi. Ni kweli. Likizidiwa na joto hushikana injini kimya kimya, bila mvuke wa kuonya.

Bodi ni hadithi ya chumvi. Upepo wa kusi hupeleka unyevu wa bahari hadi ndani ya mji, na chuma chembamba cha milango na sakafu huliwa kutoka ndani, pale rangi isipofika. Kutu inayoonekana ni ile iliyokwisha kumaliza kazi. Mfufuaji wa gari hana budi kukata hadi apate chuma kizima, akate bati la kipimo hicho, achomelee kwa gesi, kisha anyooshe kwa nyundo upande mmoja na kifuawe cha mkononi upande wa pili, kwa mapigo madogo, kwani moto huvuta bati na kulifanya lijikunje. Hapo ndipo mhunzi anapomtambua mjukuu wake. Mwisho hupigwa puti, ikasuguliwa kwa msasa, ikapigwa rangi. Lugha nayo hupiga: kupiga puti, kupiga msasa, kupiga rangi, kupiga ribiti. Puti imefanya kazi hii kuwa rahisi mno. Zamani mashimo yalijazwa kwa risasi iliyoyeyushwa, kazi ya sumu na ya subira. Leo gari hupigwa puti juu ya kutu, likang'aa kwa msimu mmoja, na mnunuzi akagundua baada ya masika.

Land Rover ilileta fumbo jipya. Ilipoanza kuundwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, kwa hiyo bodi ilitengenezwa kwa aloi ya alumini huku chesisi ikibaki chuma. Alumini haioti kutu nyekundu, na mafundi waliisifu kwa hilo. Lakini inapogusana na chuma penye maji ya chumvi, metali hizo mbili hulana, na alumini hugeuka unga mweupe kuzunguka kila bolti. Isitoshe, lehemu ya kawaida haiishiki, na gesi huitoboa kabla haijaonyesha dalili ya kuyeyuka. Ua za Tanga zililijibu fumbo hilo kwa ribiti: kiraka cha bati la alumini, safu ya matundu, ribiti moja moja. Chini ya gari, ambako chesisi hukutana na tope, wengi hupaka oili chafu. Mtaalamu wa mazingira atakunja uso, na kwa haki. Mwanahistoria, kwa upande wake, atakumbuka deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa uliopakwa tumboni mwa jahazi lililopwelewa, na kalafati iliyoshindiliwa katika nyufa za mbao. Kanuni ni ileile: chombo kinachokaa karibu na chumvi hupakwa upya kabla ya msimu, si baada yake.

Kwa nini kazi hii ilifanyika uani na si katika gereji za kampuni? Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa ile ya 1980 yatoa jibu. Bei ya petroli ilipanda kuanzia 1973, fedha za kigeni zikaadimika, vita na Idi Amin vya 1978 na 1979 vikamaliza zilizobaki, na magari binafsi yakapigwa marufuku barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana. Vipuri havikuwapo. Gari halikuweza kubadilishwa, kwa hiyo lilitengenezwa. Kipuri hakikuweza kununuliwa, kwa hiyo kilifuliwa, kilichongwa au kilitolewa kwa gari lililokufa. Joshua Grace, katika kitabu chake cha mwaka 2021 kuhusu historia ya magari Tanzania, amewapa mafundi hao nafasi inayowastahili, akiwatazama kama watu wanaozalisha maarifa. Mlango ulifunguka kidogo mwaka 1984, wenye fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuagiza bidhaa, na katika miaka ya 1990 magari yaliyotumika kutoka Japani yakaingia kwa wingi. Maofisa walizoea kuziita karakana za mitaani gereji bubu, kwa kuwa hazikusajiliwa. Ni sifa ya ajabu kwa mahali ambapo mtu hawezi kupita bila kusikia nyundo.

Katika miaka hiyohiyo ya uhaba, Tume ya Rais ya Elimu ilipendekeza, mwaka 1982, kwamba Kiswahili kianze kufundishia katika sekondari kuanzia 1985. Pendekezo halikutekelezwa, na mojawapo ya sababu zilizotajwa mara kwa mara katika mjadala uliofuata ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi. Wakati hayo yakisemwa, vijana waliofeli darasa la saba walikuwa chini ya miembe wakifundishwa, kwa Kiswahili kitupu, kuhusu shinikizo, mpitisho wa joto, utanukaji wa metali na ulaji wa kemikali. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, lilitoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kazi hizo ni za heshima. Lakini ziliandaliwa kwa kuanzia orodha ya maneno ya Kiingereza na kuyatafutia visawe. Uani mwa fundi mwendo ni wa kinyume: kuna jambo linalotendeka, na lina kitenzi tayari. Kijana aliyesoma sekondari ya ufundi kwa Kiingereza huja gerejini akiwa na fomula asizoweza kuzitamka mbele ya fundi, na fundi ana mkono asioweza kuuandikia mtihani. Kosa la themostati liliishi miaka mingi katika ufa huo.

Uharaka wa kuikusanya lugha hii hautokani na mapenzi ya magari ya kale, ambayo Nairobi yana mashindano yake ya kupendeza na wenye nafasi zao. Unatokana na rejeta. Tangu miaka ya 1980 magari yamekuwa yakija na rejeta za alumini zenye matangi ya plastiki, yaliyobanwa kwa meno ya bati na mpira katikati. Haziwezi kulehemiwa. Zikipasuka hubadilishwa. Kwa hiyo kitenzi kubadilisha kinachukua mahali pa kuziba, kuzibua, kufumua, kusugua na kulehemu, na mwanagenzi wa leo anaweza kukaa miaka mitatu gerejini bila kuona lehemu ikikimbia juu ya shaba. Rejeta ya zamani sasa ina thamani zaidi kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye huipima kwa kilo. Anayemtafuta mtu wa kuifumua na kuirudisha mahali pake ni yule mwenye Land Rover au Peugeot kuukuu uani, na fundi anayempata, aghalabu, ni mzee.